Waashi wa Mawe Katika Nyumba ya Mbao

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza darasani, kwa sauti ya mtu anayeliogopa jibu, kama ni kweli kwamba Frimasoni humtaka mtu amtoe kafara ndugu wa damu kabla ya kumpa utajiri. Darasa zima lilinyamaza. Hapa kwetu Uganda, na hata ng'ambo ya mpaka nchini Tanzania, jina hilo limekuwa kapu la kutilia kila tunachokishuku: msanii akinunua gari ni Frimasoni, mfanyabiashara akifiwa na mtoto ni Frimasoni, mwanasiasa akivaa pete pana ni Frimasoni. Sikumjibu siku hiyo. Nilimwahidi kwamba nitamletea habari za nyumba moja ya watu hao, nyumba ya mbao katika mji mdogo wa milimani, ili azijue shughuli zake kwanza, kisha ahukumu mwenyewe. Ahadi ni deni, nami nalilipa hapa.

Nyumba yenyewe iko Barkerville, katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Nimechagua mahali pa mbali kwa makusudi. Mtu akisimuliwa nyumba iliyo jirani yake huanza kuuliza nani alionekana akiingia jana usiku. Akisimuliwa ya mbali huweza kutulia na kusikiliza. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Barkerville ilikuwa na nyumba mbili za mbao, zote katika barabara ileile moja ya mji, kila moja ikiwa ya chama cha siri. Vyama vyote viwili vikaja kujulikana kwa jina la Frimasoni, ilhali wa nyumba ya kwanza hawakuwahesabu wa nyumba ya pili kuwa ndugu zao.

Tuanze na jina. Asili yake ni waashi, mafundi wa kuchonga na kujenga kwa mawe katika Ulaya ya zamani. Mafundi hao walihama kutoka kanisa kuu moja hadi jingine kwa kufuata kazi, na popote walipofika walijijengea kibanda kando ya ujenzi, mahali pa kuhifadhia zana, kula na kupangia kazi. Kibanda hicho ndicho kilichoitwa loji. Baadaye watu wasioshika nyundo, mabwana, wafanyabiashara na wasomi, wakaanza kujiunga, na zana za fundi zikageuka mafumbo ya mwenendo mwema: skwea ya unyofu, bikari ya kujiwekea mipaka, timazi ya kusimama wima. Kwa masimulizi yaliyozoeleka, mnamo tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London zilikutana katika nyumba ya pombe, zikaunda Loji Kuu. Mwaka 1723 katiba yao ilichapishwa kwa matbaa. Nawaomba wanafunzi wangu walitafakari jambo hili kidogo: chama cha siri ambacho katiba yake iliweza kununuliwa kama kitabu kingine chochote.

Sasa twende milimani. Tarehe 17 Agosti 1862, Mwingereza mmoja aitwaye Billy Barker, aliyewahi kufanya kazi ya mashua za mtoni kwao, alifikia dhahabu kwenye kina cha kama mita 16 chini ya ardhi katika bonde la kijito cha Williams Creek. Wenzake walikuwa wamemcheka kwa kuchimba chini ya korongo, mahali walipodhani hapana kitu. Habari zilipovuma, mji ulichipuka juu ya shimo lake na kuchukua jina lake. Serikali ya koloni ilikata barabara ya magari ya kukokotwa, kiasi cha kilomita 600 katika majabali na misitu, kati ya mwaka 1862 na 1865, ili unga, misumari na watu viweze kufika. Walikuja Waingereza, Waskoti, Wamarekani, Wajerumani, Wachina, na Wamarekani weusi waliokuwa wameihama California kwa sababu ya sheria zake za kibaguzi.

Ardhi haikuwa tupu. Watu wa Dakelh na majirani zao walikuwa wakiishi katika nchi hiyo, na mwaka uleule wa 1862 ugonjwa wa ndui, ulioingia Victoria kwa meli, ulipanda pwani na mito na kuangamiza vijiji kwa vijiji. Wachimbaji wengi waliifikia nchi iliyokuwa katika matanga, wakadhani ni pori lisilo na mwenyewe.

Mji huo ulikuwa wa mbao tupu. Miti ya misonobari ilifyekwa vilimani hadi vilima vikabaki visiki. Magogo yakawa nguzo za mashimo, mifereji ya kuoshea mchanga, kuta, mapaa na kuni. Mchanga uliooshwa ulijaza kijito, kijito kikafurika barabarani, na wenye nyumba wakaziinua juu ya nguzo, kila mmoja kwa kimo alichoona chamfaa. Njia ya mbao ya waendao kwa miguu ikawa ya kupanda na kushuka kama ngazi iliyolewa. Mbele ya maduka ulisimamishwa ukuta mrefu wa mbao uliopita paa, ili kibanda kionekane jumba.

Katika mji wa namna hiyo, mtu aliogopa nini? Si umaskini peke yake, maana kila mtu aliuzoea. Aliogopa kufa bila mtu wa kumjua. Kisa cha Charles Morgan Blessing kinaeleza vyema kuliko maneno yangu. Blessing, Mmarekani, alisafiri kuelekea machimboni mwaka 1866. Sehemu ya safari alikuwa na Wellington Delaney Moses, kinyozi mweusi aliyekuwa na duka lake Barkerville, ambaye aliiona pini ya Blessing ya shingoni, kipande cha dhahabu kilichofanana na uso wa mtu. Kabla ya mwisho wa safari waliachana, naye Blessing akaendelea na mwenzi mwingine, James Barry. Barry alifika Barkerville, Blessing hakufika. Miezi ikapita, na hakuna aliyeuliza isipokuwa kinyozi, ambaye baadaye aliiona pini ileile mjini na kuitambua. Maiti ilipatikana msituni. Barry alihukumiwa mbele ya Jaji Matthew Begbie na kunyongwa mwezi Agosti 1867. Watu wa mji wakachanga fedha ili kaburi la Blessing liwekwe alama na uzio, na kaburi hilo hutunzwa hadi leo.

Msomaji atambue mwaka: 1867. Ndio mwaka ambao loji ya Frimasoni ya Barkerville ilipata hati yake kutoka Loji Kuu ya Uskoti, kwa jina la Cariboo na nambari 469, na nyumba yake ya mbao ikasimama. Sisemi kwamba kifo cha Blessing ndicho kilichoileta. Watu huanzisha loji kwa sababu nyingi, ikiwemo hamu ya kuvaa vizuri jioni moja kwa mwezi baada ya kushinda matopeni. Nasema tu kwamba hofu iliyolikuta kaburi lile ndiyo hofu ambayo chama cha namna hii kilijibu. Waganda tunacho kitu hiki, na hatukiogopi: munno mukabi, mwenzako katika shida. Watu wa Kigezi wana vikundi vya engozi, machela ya kumbebea mgonjwa hadi barabarani na maiti hadi nyumbani. Katika Kiswahili tumefupisha yote kwa maneno matatu, kufa na kuzikana.

Ndani ya loji mambo yaliendaje? Mfumo wake hufanana katika loji nyingi duniani. Mtu hujiunga kwa kuombewa na wanachama wanaomjua, kisha hupigiwa kura ya vipira, cheupe cha kukubali na cheusi cha kukataa, na kwa desturi cheusi kimoja au vichache sana vyatosha kumfungia mlango. Hulipa kiingilio na ada. Hupanda daraja tatu, mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu, na katika kila daraja hufunzwa ishara na maneno ya kutambulishana. Mkuu wa loji huchaguliwa na wenzake kwa mwaka mmoja, yuko katibu wa kuandika kumbukumbu za vikao na mweka hazina wa kutoa hesabu. Mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi kikaoni. Yuko pia mwenye mfuko wa sadaka, wa kumtazama mgonjwa, kumzika aliyekufa na kumsaidia mjane. Zile ishara za siri, ambazo kwetu zimezaa hadithi za damu, zilikuwa na kazi ya kawaida sana: katika nchi ya wageni wasio na vitambulisho, zilimwezesha mtu kuthibitisha kwamba amelipa ada mahali pengine na anastahili kusaidiwa.

Hata hivyo sitaki mwanafunzi wangu atoke hapa akidhani nimewatakasa. Lawama ya haki dhidi ya chama kama hiki haihusu kafara. Inahusu kujuana. Katika mji mdogo, hakimu, mwenye duka, daktari na mwenye kitalu cha dhahabu wakiweza kufungiana chumba kimoja na kuapa kupendeleana kama ndugu, mtu aliye nje ana haki ya kuuliza kesi yake itasikilizwaje. Wanawake hawakuingia kabisa. Na kipira cheusi hakitoi sababu. Kinadondoka sandukuni na mtu amekwisha. Wamarekani weusi waliijua habari hiyo tangu zamani. Prince Hall na wenzake wa Boston, baada ya loji za weupe kuwafungia milango, walipata hati yao wenyewe kutoka London mwaka 1784, wakaunda Loji ya Kiafrika.

Nyumba ya kwanza ya loji ya Cariboo haikuishi hata miaka miwili. Mchana wa tarehe 16 Septemba 1868 moto ulianza katika baa moja ya mji. Masimulizi yanayopendwa zaidi ni kwamba mchimbaji alimvizia msichana aliyekuwa akipiga pasi ili ambusu, wakasukumana, bomba la jiko likaachana na paa. Huenda ni kweli, huenda watu walihitaji kisa cha kuchekesha ili wasilie. Ilimradi, kwa muda usiotimia saa moja na nusu, zaidi ya nyumba mia moja za mbao kavu zilikuwa majivu, ya loji ikiwa mojawapo. Usiku huo watu walilala nje, na baridi ya milima ya huko mwezi wa tisa si ya mchezo.

Kilichonivutia ni yaliyofuata. Ndani ya siku chache misumari ilikuwa ikigongomewa tena. Mji ulijengwa upya kwa barabara pana kidogo, na waashi hawa wa mafumbo, ambao kila jioni ya kikao walizungumzia jiwe lililochongwa, wakajenga tena kwa mbao. Mawe hayakukosekana, mlima mzima ulikuwa mawe. Lakini kujenga kwa mawe ni kutangaza kwamba utakaa, na Barkerville hakuna aliyekuja kukaa. Kila mtu alikuwa akihesabu dhahabu iliyobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 ile iliyochimbika kwa mikono ilikuwa inapungua, na watu wakaanza kushuka barabara ileile waliyoipanda. Nyumba ya mbao ilisema ukweli ambao viapo havikuweza kuusema.

Na bado ndiyo iliyodumu. Mwaka 1871 British Columbia ilipojiunga na Kanada, loji za huko ziliunda Loji Kuu yao, na Cariboo ikawa nambari 4. Wachimbaji waliondoka, baa zikafungwa, loji ikabaki na jengo lake. Jengo hilo likaungua tena katika miaka ya 1930, nalo likasimamishwa tena, kwa mbao. Mwaka 1958 jimbo liliuchukua mji mzima, ambao kufikia hapo ulikuwa na wakazi wachache tu, na kuutunza kama urithi wa historia. Mgeni anayetembelea leo huipita nyumba ya loji akiwa njiani kwenda kuona maduka na karakana za wahunzi.

Akiendelea mbele katika barabara hiyohiyo, kuelekea upande wa juu, anafika kwenye mtaa wa Wachina, na huko ndiko iliko nyumba ya pili.

Hii nayo ni ya mbao, ya ghorofa mbili, ya miaka ya 1870, na mwaka 2008 serikali ya Kanada iliitangaza kuwa alama ya historia ya taifa. Ilikuwa ya Chee Kung Tong. Chama hiki chatokana na undugu wa siri uliozaliwa kusini mwa Uchina katika karne ya 18, wa watu walioapa kuupindua utawala wa Qing. Wachimbaji wa kutoka Guangdong, wengine kupitia California, walikuja nacho, na wanachama wake husimulia kwamba chipukizi lake la kwanza katika Kanada lilioteshwa Barkerville mwaka 1863, yaani kabla ya loji ya weupe. Chini palikuwa na jiko na mahali pa kulala wageni. Juu palikuwa na madhabahu na chumba cha vikao. Kanuni za tawi lake la machimbo ya jirani, Quesnel Forks, za mwaka 1882, zimehifadhiwa na kuchunguzwa na wanahistoria. Zinashughulika na nini? Na ugomvi wa vitalu vya dhahabu, wizi, madeni, na namna ya kumtazama mgonjwa. Mtu akizisoma bila kujua zimetoka wapi angedhani ni kanuni za chama chochote cha kijijini kwetu.

Wachina hao walihitaji kanuni zao wenyewe kwa kuwa za wengine ziliwaacha nje. Mwaka 1875 jimbo liliwafuta, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi, katika daftari la wapiga kura. Mwaka 1885, mwaka uleule reli ya kuvuka Kanada ilipokamilika kwa jasho la maelfu yao, serikali ya Kanada iliwawekea kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila Mchina anayeingia. Ikapanda hadi 100, kisha 500 mwaka 1903. Mwaka 1923 mlango ulifungwa karibu kabisa, usifunguliwe hadi 1947, mwaka ambao pia walirudishiwa kura. Mwanamume aliyemwacha mke Guangdong aliweza kuzeeka bila kumwona tena. Munno mukabi wake ulikuwa nyumba ile ya ghorofa mbili.

Kwa nini basi wakajiita Frimasoni? Hapakuwa na uhusiano wa asili kati ya vyama hivi viwili, na loji za weupe hazikuwatambua. Lakini Wachina walitazama, wakaona: viapo, madaraja, ishara za mikono, mfuko wa wajane. Waliona pia kwamba mzungu mwenye nembo ya skwea na bikari huamkiwa kwa heshima, na Mchina mwenye madhabahu huitwa mhalifu. Wakachukua jina, na katika miji mingine hata nembo, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 jina la Frimasoni wa Kichina lilikuwa limezoeleka. Wengine wameuita ujanja. Mimi naona ni ufasaha: watu wawili wanafanya jambo moja, mmoja anaitwa muungwana na mwingine mhaini, basi huyu wa pili anaazima neno la wa kwanza ili aulizwe tofauti iko wapi.

Uhaini ulikuwepo, kusema kweli, ila dhidi ya mfalme mwingine. Mwaka 1911 Sun Yat-sen, aliyekuwa amejiunga na chama hiki Honolulu mwaka 1904, alipita Kanada akichangisha fedha za mapinduzi. Wanachama wa Victoria waliliweka rehani jengo lao ili apate fedha hizo. Maasi ya Guangzhou ya mwezi Aprili yalishindwa na vijana wengi wakauawa, lakini mwezi Oktoba yakaanza mapinduzi mengine yaliyoiangusha Qing. Wafua nguo na wapishi wasioruhusiwa kupiga kura ya diwani huko walikoishi walikuwa wamesaidia kuiondoa dola.

Waliobaki machimboni walizeeka na kufa, na hapo ndipo vyama vyao vilipotimiza kazi ya mwisho. Kuzikana kwao kulikuwa na hatua mbili. Maiti ilizikwa kwanza palepale. Baada ya miaka kama saba kaburi lilifukuliwa, mifupa ikasafishwa na kufungwa katika sanduku, ili ipelekwe Uchina ikalale karibu na wazazi wake. Ndiyo sababu makaburi ya Wachina ya Quesnel Forks yana mashimo yaliyo wazi. Hayakuibiwa kitu, wenyewe walikwenda nyumbani. Billy Barker, ambaye mji unabeba jina lake, hakupata hilo: alikufa maskini Victoria mwaka 1894, akazikwa katika kaburi la mafukara.

Masanduku ya mifupa yalikusanywa Victoria, kwenye makaburi ya Harling Point yaliyonunuliwa na jumuiya ya Wachina mwaka 1903, yakingoja meli. Mwaka 1937 vita kati ya Uchina na Japani viliikata safari hiyo. Masanduku yakaendelea kukaa katika nyumba ya mifupa hadi mwaka 1961, yalipozikwa pamoja, mamia yao, kwenye ufuko huohuo unaotazama bahari.